Nyumba ya bibi Lindi inabanduka kuta na nina milioni nne na nusu tu, nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Nyumba ya marehemu bibi iko Lindi mjini, sio mbali na bahari. Kuta ni za mawe na chokaa za zamani, nene, vyumba vitatu na ukumbi, na uani kuna vyumba viwili vya miti na udongo. Imekaa miaka kadhaa bila mtu. Bati zimeoza upande wa baharini na mvua inaingia. Plasta ya saruji aliyopiga mjomba zamani inadondoka vipande vipande kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, na kuna unga mweupe. Boriti ya zege ya baraza imepasuka, nondo zinaonekana. Nimeuza ufuta, nina milioni nne na nusu. Fundi wa kwanza kasema tubomoe tupandishe bloku. Wa pili kasema tupige plasta nzito ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, halafu tailizi na jipsam, nyumba itakuwa mpya. Nataka kuhamia na watoto kabla ya mvua. Nifuate ya nani?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa bibi. Nimesoma yote na naona kinachokusumbua hasa ni kimoja, hela ya ufuta inakuja mara moja kwa mwaka, ukiimaliza kwenye kuta halafu msimu ujao zikabanduka tena utabaki na nyumba ileile na mfuko mtupu. Una haki ya kuogopa. Nakujibu kabisa kabla ya maelezo: usibomoe, na ile plasta nzito usiipige hata ukipunguziwa bei. Tatizo la nyumba yako ni maji, yanaingia juu na yanapanda kutoka chini, kwa hiyo hela yako ya kwanza yote iende kuyazuia hayo maji na vitu vya kupendeza visubiri.

Fundi wa kwanza simlaumu sana, wengi wamefundishwa bloku tu na ukuta wa mawe kwao ni kifusi. Lakini kaa naye chini mpige hesabu. Kubomoa kuta nene hivyo ni hela, kuhamisha kifusi ni hela, halafu ndio unaanza upya mawe ya msingi, mchanga, kokoto, nondo, saruji, bloku, maji ya kujengea na mafundi. Kwa hela yako, nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi, utamaliza msingi na jamvi na kozi chache za tofali, na hapo hakuna paa, hakuna mlango, hakuna dirisha. Huku kwetu kusini wamejaa watu waliobomoa nyumba yenye pa kulala wakabaki na kiwanja chenye kuta zilizoota majani. Tena ukuta huo mnene mchana wa jua kali la Desemba ndani kuna ubaridi ambao bloku ya inchi sita haikupi.

Sasa huo unga mweupe, hapa naomba tulia kidogo maana ndipo penye siri yote. Ule unga ni chumvi. Ukwangue kwa kucha uone, una nyuzi nyuzi laini, ukiuweka kwenye kidole kilicholowa unayeyuka. Kuta za zamani za pwani yetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyote viwili vina vitundu vidogo vidogo ndani, na wazee hawakuweka nailoni juu ya msingi kama tunavyofanya siku hizi. Kwa hiyo unyevu wa ardhini unapanda ndani ya ukuta wenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, unapanda na chumvi yake, na kwa kuwa uko karibu na bahari chumvi nyingine inaletwa na upepo. Maji yakifika usawa fulani, kuanzia magotini mpaka kiunoni hivi, yanakutana na hewa yanakauka, lakini chumvi yenyewe haina pa kwenda, inaganda punje punje mle mle kwenye vitundu nyuma ya plasta. Punje zikikua zinasukuma. Ukija unyevu zinayeyuka, likija jua zinaganda tena, zinasukuma tena, mpaka siku plasta inaachia ukuta na kudondoka pande zima.

Plasta ya chokaa ya zamani ilikuwa inaruhusu ule unyevu utoke taratibu, na ikichakaa unaibandua unapiga nyingine, ukuta wenyewe unabaki salama. Saruji ni ngumu na inabana. Mjomba alipopiga saruji yake alidhani anaukinga ukuta, kumbe maji yalifungiwa ndani. Na hii dawa ya kuzuia maji wanayokwambia ina kazi yake nzuri tu kwenye tenki, kwenye bafu, kwenye nyumba mpya ya bloku, lakini kwenye ukuta huu maji yakikosa njia ya kutokea kiunoni yanapanda kifuani, yanafika dirishani, na ukiziba nje na ndani basi ile chokaa na udongo unaoshika mawe katikati ya ukuta unalowa mwaka mzima unalainika. Mwaka wa kwanza itapendeza kweli, sikufichi. Baada ya hapo utaanza kugonga ukuta utasikia sauti ya utupu, na hela ya ufuta itakuwa imekwisha.

Kabla hujanunua hata kilo ya misumari, zunguka nyumba nje ukiwa umeinama, angalia udongo umefika wapi ukutani. Nyumba nyingi za Lindi na Mikindani ardhi ya nje imepanda miaka na miaka, taka zinafagiwa zinasukumwa ukutani, barabara inainuliwa, mpaka nje kunakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ukikuta hivyo umeshapata nusu ya ugonjwa, na dawa yake ni jembe na toroli tu. Chimba uondoe udongo uliogusa ukuta kuzunguka nyumba nzima mpaka ushuke chini ya sakafu kama sentimita ishirini, halafu lazia ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba ili maji ya mvua yakimbie. Usichimbe ukapita chini ya msingi na usichimbe upande wote kwa siku moja, nenda vipande vipande. Na pale chini usimwage zege likagusa ukuta, weka kokoto au mawe madogo, zege litayarudisha maji ukutani. Angalia pia maji ya bafu na ya kuoshea vyombo yanaenda wapi, mara nyingi yanamwagwa palepale nyuma ya chumba halafu watu wanashangaa chumba hicho ndicho kinachobanduka zaidi kuliko vyote.

Ukitaka kujua kama sehemu fulani bado inatoa maji, chukua kipande cha nailoni kama nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, kiache siku mbili. Matone yakiwa ndani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje ya nailoni, huo ni unyevu wa hewa tu ya chumbani, fungua madirisha.

Paa sasa. Kama hela ingekuwa yangu karibu nusu yake ingeenda huko, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa wenye paa zima unakaa miaka mingi sana, na usio na paa mvua mbili tatu zinatosha kuufungua juu maji yakateremka katikati yake. Usibadilishe bati zote. Upande wa baharini ndio umeoza kwa sababu ya upepo wa chumvi, upande wa pili huenda bado unafaa. Toa zilizooza, na zile zenye tundu za misumari tu peleka uani. Ukinunua mpya kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, yaani 32 ni jembamba kuliko 30, na 28 ndiyo nene zaidi ya hizo. Karibu na bahari mimi sishauri 32 kabisa, hata ikibidi ununue bati pungufu mwaka huu. Misumari iwe ya bati yenye mpira na ipigwe juu ya mgongo wa bati, sio bondeni ambako maji yanapita. Na paa litoke nje ya ukuta vizuri, futi mbili ukiweza, maana nyumba nyingi ukuta unaloweshwa na matone yanayodunda kutoka chini. Gata ukipata hela weka, hata upande mmoja, na tenki utashukuru.

Bati zikiwa zimetolewa ndio nafasi ya kupanda na bisibisi. Choma kila mbao ya kenchi, hasa ncha zinazoingia ukutani, na kama nyumba ina boriti za mikoko zikague zilipozama kwenye ukuta kwa sababu hapo ndipo zinapooza huku katikati zinaonekana nzima. Bisibisi likizama bila nguvu, au ukigonga ukasikia utupu, au ukaona njia za udongo za mchwa zinapanda, mbao hiyo haifai kubeba bati jipya. Watu wanapaka oili chafu, inasaidia kwa juu lakini inanuka na inashika moto, chumbani kwa watoto usipake. Mafuta ya maganda ya korosho mchwa hawayapendi kweli, ila yanaunguza ngozi vibaya, anayepaka avae glavu na asishike macho. Ukiweza nunua dawa ya mbao dukani, soma maelezo, pakeni kabla ya kupigilia bati.

Kitu kimoja kinachosahaulika na hakina gharama kubwa, funga kenchi kwenye ukuta. Waya mnene au bamba la chuma kila kenchi, na misumari iwe karibu karibu pembeni mwa paa na kwenye vikombamoyo vya mwisho kwa sababu upepo unaanzia kunyanyua pembeni. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, mwaka 2019 Kenneth kilipita jirani yetu Msumbiji huku Mtwara watu wakiwa roho juu, na Mei 2024 Hidaya ilituletea mvua na mafuriko. Paa lililokaa kwa uzito wake tu halina usalama huku.

Hiyo boriti ya baraza ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote ulivyoandika. Zege lililopasuka nondo zikaonekana maana yake chumvi imefika kwenye chuma, pengine fundi wa wakati huo alitumia mchanga wa ufukweni. Chuma kikishika kutu, kutu yake inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, inapasua zege kutoka ndani, na ufa unaleta maji na hewa zaidi. Ukikubali mtu apake saruji juu ya ufa atakuwa ameficha tu, kutu inaendelea ndani. Leo hii kabla ya kazi nyingine yoyote simamisha mirunda chini ya hiyo boriti, iliyonyooka, imekaa kwenye ubao mpana chini isizame, na watoto wasikae barazani. Halafu mwite mhandisi aje aione kwa macho. Kama inabeba paa tu, huenda mkaitoa mkaweka boriti ya mbao ngumu, ni nafuu kuliko kumwaga zege upya. Ila uamuzi huo usiutoe kwa picha ya simu, wala mimi siutoi nikiwa mbali.

Baada ya paa na maji ya chini, bandua plasta yote ya saruji iliyolegea. Gonga kwa mpini wa nyundo, inayolia utupu itoke, iliyoshika kabisa usiilazimishe utang'oa na jiwe. Kwangua chumvi kwa brashi ngumu kavu, ifagie uitupe mbali, usiimwagie maji maana unairudisha ndani. Halafu acha ukuta uchi. Hii ndiyo sehemu watu hawanielewi, wanataka plasta wiki hiyohiyo. Ukuta mnene namna hiyo hukauka taratibu sana, sio kwa mwezi mmoja, lakini bahati yako hela ya ufuta imekuja wakati kusi linavuma na mvua hakuna, kila wiki unayouacha wazi kabla ya Novemba ni kazi ya bure unayofanyiwa na upepo. Fungua madirisha yote mchana.

Plasta ya kurudishia iwe ya chokaa. Chokaa ya mfuko inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, huna haja ya mtu kukuchomea matumbawe, na kuvunja matumbawe baharini ni kosa tena ni kuwaharibia wavuvi. Iloweke chokaa kwenye pipa la plastiki, iwe kama uji mzito, siku kadhaa, ikikaa zaidi ndivyo inavyokuwa laini. Changanya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga utoke mtoni au shimoni, sio baharini. Mchanga upime kwenye chupa ya glasi, tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa, acha utulie saa kadhaa, tope litakaa juu. Tope likiwa jingi, kwa mfano limezidi moja ya kumi, rudisha lori. Lowesha ukuta kidogo tu kabla, piga tabaka jembamba la sentimita moja hivi, acha likaze siku kadhaa, piga la pili. Chokaa haikazi kwa haraka kama saruji, inakaza kwa kuvuta hewa taratibu, kwa hiyo ikinge na jua kali kwa magunia yaliyolowa siku za mwanzo, ikikaukia juani itapata nyufa nyufa. Fundi akikwambia "tutie na saruji kidogo ishike", mkatalie kwa upole. Na chokaa inaharibu macho, anayechanganya avae miwani, maji safi yawe karibu.

Rangi nayo iwe chokaa, tabaka nyembamba tatu nne, kila moja siku yake. Wazee walikuwa wanatia chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili ishike, wewe usitie, ukuta wako una chumvi ya kutosha. Rangi ya mafuta usiiguse kabisa kwenye kuta hizi.

Tailizi na jipsam, mwanangu najua zinapendeza na najua majirani wanaangalia, lakini mwaka huu hapana. Tailizi zinaziba sakafu, unyevu uliokuwa unatokea sakafuni wote unakimbilia kwenye kuta. Jipsam chini ya paa ambalo hujalijaribu kwa msimu mzima wa mvua ni kutafuta madoa, na inakuzuia kuona panapovuja. Sakafu ziba mashimo tu, uhamie.

Vyumba vya uani vya miti na udongo hapo nakubaliana nusu na fundi wako wa kwanza. Kama miti imeliwa na mchwa chini na ukuta umeinama, viache vianguke kwa heshima, usivitilie hela. Kama miti bado migumu, kandika upya kwa udongo, weka zile bati za zamani, vitakuwa jiko na stoo. Umeme usiuwashe kwenye waya za zamani mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, azikague, nyumba iliyokuwa inavuja waya zake siziamini. Choo kikague shimo, kifuniko kilichooza kinaua.

Kuhusu mafundi, vifaa nunua mwenyewe na risiti utunze, kazi mpatane kwa kipande sio dei waka, na hela itoke kwa hatua, paa likiisha unalipa la paa. Andikeni hata kwenye daftari na msaini mbele ya mjumbe. Muulize fundi swali moja, "ulishapiga plasta ya chokaa wapi?", na uende ukaione. Ukikosa, mtafute kijana mzuri aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA anayekubali kuelekezwa, ni bora kuliko mzee anayejua saruji peke yake.

Na la mirathi. Umesema nyumba ya bibi, hukusema wajomba wamekubali. Kwetu huku unajua neno la mjomba lina uzito. Kabla hujatoa shilingi, kaeni kikao, muwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ya mwanzo, na iandikwe kwamba wewe unakarabati na hela yako itahesabiwaje. Nimeona nyumba zikigombewa siku bati jipya lilipong'aa. Kazi ya kubadilisha kenchi au kujenga ukuta pia ulizia kibali manispaa mapema.

Mhandisi mwite aje aone kwanza kabla hujagusa kitu, kama timazi linaonyesha ukuta umeinama, kama kuna ufa unaopitisha sarafu, kama ufa unatoka nje mpaka ndani, au kona mbili zimeachana. Ufa mdogo weka kiraka cha chokaa juu yake uandike tarehe, kikikatika baada ya miezi michache ukuta bado unatembea. Anzia ofisi ya mhandisi wa manispaa, ukimlipa mtu nusu siku kutazama ni hela ndogo ukilinganisha na kubomoa kwa makosa. Na ukikuta paa la uani au la jirani ni yale mabamba mazito ya kijivu ya asbesto usiyavunje wala usiyakate, uliza kwanza.

Utawahi mvua? Nyumba nzima hapana. Lakini paa likiwa zima, udongo umeondolewa na boriti ya baraza imeshughulikiwa, vyumba viwili vya upande wa bara mnaweza kulala kufikia Oktoba hata kama kuta ziko uchi, na chumba cha baharini mkakiacha wazi kikauke mpaka ufuta wa mwaka kesho. Nitumie picha za kona nne za nje, zikionyesha udongo ulipogusana na ukuta, nitakwambia uanze kuchimba upande gani.